Mtoto Hapimwi Kama Kahawa

Nawasalimu nyote mnaosoma, na zaidi nyinyi mnaolea watoto wa watoto wenu. Mimi ni Wangari, mama wa Muthoni, wa hapa juu kidogo ya Gakindu, upande wa Nyeri. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, likalisheni vizuri na mwendelee kusoma. Nimeandika kwa sababu nilikuwa mgonjwa na nimepona, na mwenzangu alikuwa mgonjwa na amepona. Furaha ya namna hiyo mtu akiifungia ndani peke yake inachacha kama uji.

Kabla ya ugonjwa tulikuwa watu wawili na ng'ombe mmoja. Mzee wangu Kariuki alitutoka zamani. Aliniacha na kahawa yake, na magoti yangu yakaendelea kupanda na kushuka ule mteremko mpaka leo. Mtu wa pili nyumbani ni mjukuu wangu, mtoto wa Muthoni. Muthoni hupika chakula kule Kenol, pale malori yanaposimama, na anaamka kabla ya ndege. Kwa hivyo mtoto aliletwa kwangu akiwa bado anatambaa, na mama yake anakuja kila akipata nafasi.

Mtoto naye anaitwa Wangari. Ni jina langu, kama desturi yetu. Kwetu mtoto akipewa jina lako, ni wewe umerudi ukiwa mdogo. Muthoni humwita mtoto wake "maitu", yaani mama, na mimi pia ananiita "maitu", na akisimama kwa lango akiita tunatoka wawili. Jirani yangu Nyaguthii akimwona mtoto na matope mpaka magotini, ananigeukia mimi na kuniuliza, "Wangari, kwani leo hujaoga?" Tumezoea hivyo. Kwa hivyo nikisema niliogopa, mjue niliogopa mara mbili. Niliogopa kumpoteza mtoto, na niliogopa kuona jina langu likinitangulia kaburini.

Huyo mtoto alikuwa na mchezo wake. Msimu wa kahawa, tukifika kiwandani na magunia yetu, alikuwa anangoja watu wapungue halafu anajining'iniza kwa mkono kwenye ndoano ya mzani, miguu juu. Karani wa mzani anaitwa Gichuki, kijana wa Wambui, mpole sana. Alikuwa anajifanya mkali na mimi, Shosho wake, yaani nyanya.

"Shosho, hii kahawa imeiva ama umeniletea mbichi?"

"Imeiva," namwambia. "Angalia mashavu."

"Kilo ishirini na moja. Toa majani, rudi nayo."

Watoto wote wanacheka. Mwaka uliofuata, msimu kama ule, mtoto akiwa ameingia miaka tisa, akajining'iniza tena. Gichuki akaangalia, akasema, "Ishirini na moja tena. Hakuna kilo imeibiwa, Shosho."

Nikafurahi. Mniamini, nilirudi nyumbani nikiimba. Mtu wa kahawa akili yake inakaa kwa mzani. Ukipima gunia nyumbani na kilo zipungue kiwandani, kuna mwizi njiani. Zikibaki zile zile, unamshukuru Mungu na unaenda kunywa chai. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi kidogo juu ya huyu mtoto, na mzani ukanituliza.

Wasiwasi ulikuwa hivi. Mtoto alikuwa anachoka. Tulikuwa tukitoka mtoni yeye ndiye anayenitangulia, akinikejeli kwamba mimi ni konokono. Sasa akawa anakaa kwa jiwe katikati ya njia na kusema, "Cucu, tungoje kidogo." Cucu ni nyanya kwa lugha yetu. Jioni mwili ulikuwa unapata joto, asubuhi joto halipo. Alikuwa analoa jasho akilala, na nikisukuma blanketi nilikuwa nasema ni mimi nimemfunika sana. Shingoni, chini ya taya, alitokea uvimbe mdogo kama maharagwe mawili, haumuumi. Chakula alikuwa anakichezea. Nyaguthii akasema ni minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Akasema tena ni kurefuka tu, watoto wakirefuka wanakuwa kama muwa. Hilo nikalipenda, kwa sababu kweli alikuwa amerefuka. Sketi ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti.

Na mimi nilikuwa nakohoa. Lakini kikohozi changu hakikuwa habari. Nilikuwa nacho tangu ile baridi ya Julai, wakati ukungu unakaa mpaka saa sita na sisi wazee tunaziba madirisha kwa magunia ili upepo usiingie. Napika kwa kuni, nikasema ni moshi. Nilikuwa nimekonda, nguo zinazunguka mwilini, nikasema ni uzee. Kila kitu nilikuwa nimekipatia jina.

Halafu akaja Akinyi shuleni.

Akinyi ni muuguzi wa zahanati yetu, mama mnene wa kucheka, anatoka upande wa ziwa. Gikuyu yake ni ya salamu tu, na mimi lugha yake siijui hata salamu, kwa hivyo tunakutana kwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Siku hiyo alikuja kupima watoto wote kilo na urefu. Jioni Wangari mdogo akanirudia na ujumbe kwamba kesho nifike zahanati, mimi na yeye.

Nilienda nimevaa leso safi na nimejiandaa kugombana. Nilifikiri nimeitwa kwa sababu ya sketi fupi.

Akinyi akampandisha mtoto kwa mzani tena, bila viatu, bila sweta. Halafu akamsimamisha kwenye ubao wa ukutani, visigino vimegusa, mgongo umegusa, macho mbele, akateremsha kibao mpaka kichwani. Akasoma. Akapiga hesabu kwa simu. Halafu akaipiga tena.

"Cucu," akasema, "huyu mtoto amepungua."

"Hapana," nikamwambia. "Hajapungua. Ni kilo ishirini na moja. Mwaka jana ilikuwa ishirini na moja, na Gichuki ni shahidi."

"Gichuki ni daktari?"

"Ni karani wa kahawa."

Akacheka, halafu akavuta kiti karibu na mimi. "Cucu, wewe unapika chapati?"

"Siku ya sikukuu."

"Sawa. Chukua donge moja la unga. Lisukume liwe pana kidogo. Halafu lichukue donge lile lile, usiongeze unga, ulisukume liwe pana zaidi. Linakuwaje?"

"Linakuwa jembamba."

"Basi Wangari mwaka mzima amesukumwa na miaka, amerefuka, na unga haujaongezwa. Kilo ni zile zile, lakini mwili ni mwembamba zaidi. Kahawa ikibaki vile ilivyokuwa, ni sawa. Mtoto akibaki vile alivyokuwa, amerudi nyuma."

Nimesukuma chapati miaka mingapi, na hilo sikuwahi kuliwaza.

Akanionyesha ile hesabu, na mimi nitawaonyesha vile nilivyoelewa. Unachukua kilo za mtoto. Unagawanya kwa urefu wake wa mita. Jibu ukilipata, unaligawanya tena kwa urefu ule ule. Kwa yule wangu, mwaka uliopita alipopimwa shuleni na kuwa na mita moja na sentimita ishirini na mbili, jibu lilikuwa kumi na nne na kidogo. Mwaka huu ana mita moja na sentimita ishirini na nane, na jibu limeshuka chini ya kumi na tatu.

"Na kumi na nne ilikuwa nzuri?" nikamuuliza.

"Kwa mtoto wa miaka nane ilikuwa ya kutosha. Kwako wewe Cucu ingekuwa ya kubebwa kwa machela."

Hapo ndipo akanieleza kitu ambacho watu wengi hawajui, hata waliosoma. Watu wazima tumewekewa mipaka ile ile, uwe na miaka thelathini ama hamsini. Mtoto mipaka yake inatembea pamoja na umri wake, na wasichana wana yao, wavulana yao. Ukutani kuna karatasi mbili zenye mistari inayopinda kama njia za mlimani, moja ya wasichana na moja ya wavulana. Chini ni miaka, kando ni ile namba. Unatafuta miaka ya mtoto, unapanda mpaka namba yake, unaweka nukta. Nukta moja inakwambia kidogo. Nukta mbili tatu zinakwambia anaelekea wapi. Nukta za Wangari zilikuwa zinashuka, na ya mwisho ilikuwa imeanguka chini ya mstari wa wembamba.

Wakati huo nikashikwa na kikohozi. Nilikohoa mpaka machozi. Nilipofuta mdomo kwa kitambaa, Akinyi alikuwa ameacha kuangalia ukuta, ananiangalia mimi.

"Hiyo kikohozi ni ya tangu lini?"

"Ni ya moshi."

"Sikuuliza ni ya nini. Nimeuliza ni ya lini."

"Ya Julai."

Oktoba ilikuwa inaisha.

"Na mtoto analala wapi?"

"Na mimi. Kitanda kimoja. Ni jina langu," nikamwambia, nikidhani hiyo inatosha kueleza kila kitu.

"Na dirisha?"

"Nimeziba na gunia. Kuna baridi."

Akainuka akafungua dirisha la chumba chake mpaka mwisho, akanipa barakoa na kichupa. Akaniambia niende kule nje, nyuma ya ua, nivute pumzi ndani kabisa na nitoe makohozi ya kifuani, si mate ya mdomoni. Nikatoa. Yalikuwa mazito, ya manjano, na ndani kulikuwa na uzi mwembamba wa damu. Damu hiyo nilikuwa nimeiona nyumbani pia, nikasema ni ufizi.

Mtoto hakuweza kutoa makohozi, watoto huyameza. Wakachukua choo chake wakapima, na tukatumwa hospitali kubwa kupigwa picha ya kifua, yeye na mimi. Wakatupima pia damu ya ukimwi, ule ugonjwa mwingine ambao watu huunong'ona. Nawaambia wazi ili nanyi msiogope: tulipimwa, hatukuwa nao, na tungekuwa nao tungepewa dawa na tuendelee kuishi.

Majibu yalitolewa na daktari kijana anaitwa Mutua, Mkamba. Alitukalisha wote wawili na Muthoni, ambaye alikuwa ameacha sufuria Kenol na kuja mbio.

"Mama," akaniambia, "uko na kifua kikuu. Mtoto pia ako nacho. Kinatibika. Nimeanza na hiyo ndio mnisikie hadi mwisho: kinatibika."

Muthoni akaanza kulia. Mimi sikulia. Niliuliza swali moja. "Nani alimpa mwenzake?"

Akinyi, ambaye alikuwa amekuja na sisi, akajibu yeye. "Huu ugonjwa unapita kwa hewa, Cucu. Hauombi ruhusa. Na wewe pia kuna mtu alikukoholea, na humjui. Sasa sikia kitu kimoja. Kikohozi chako ungekaa nacho mpaka kikuue, kwa sababu wewe ni mbishi. Ni huyu mtoto alipimwa, na wewe ukapatikana."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Nilidhani mimi ndiye ninayemlea. Kumbe urefu wake na kilo zake ndizo zilikuja kunitoa nilipokuwa nimejificha.

Sasa kulikuwa na shauri la nani akae wapi. Muthoni alitaka kumchukua mtoto aende naye Kenol siku ile ile. Tulikaa jikoni, dirisha wazi, baridi inaingia kama mgeni asiyebisha hodi.

"Maitu, siwezi kumwacha," akasema. "Nikimwacha na afe, nitamwambia nini Mungu?"

"Mchukue," nikamwambia. Lilikuwa neno gumu kulitoa.

Mtoto alikuwa amekaa kwa mlango akitusikiliza. "Na dawa ya Cucu nani atamkumbusha? Yeye husahau hata miwani iko kwa kichwa chake."

Tukaangaliana. Nikapapasa kichwa. Miwani ilikuwa pale.

Muthoni alicheka huku analia, na mwisho hakuchukua mtu. Alipigia mwenzake simu amshikie kazi, akakaa na sisi mpaka dawa ikatushika. Yeye naye alipimwa, akapatikana mzima. Alitoa magunia yote kwa madirisha akayachoma. Akaleta kitanda kingine akakiweka upande wa pili wa nyumba. Mtoto akalalamika, "Sasa miguu yangu itapashwa joto na nani?" Nikamwambia, "Na soksi." Hakupenda, lakini alilala.

Dawa ilikuwa ya miezi sita, kila asubuhi bila kuruka. Sitawadanganya kwamba ilikuwa tamu. Zangu zilikuwa kubwa, tumbo lilikuwa linakataa, na wiki za kwanza nilitapika mara nyingi mpaka nikajifunza kula ndizi moja kwanza. Vidole vya miguu vilikuwa vinawasha na kufa ganzi, wakaniongezea kidonge kidogo cha kuzuia hiyo. Asubuhi ya kwanza nilienda chooni nikaona mkojo ni mwekundu, rangi ya machungwa iliyokolea. Nikajua nimekwisha. Nikatoka nimeshika ukuta, nikakutana na mtoto anatoka kule kwake.

"Cucu, na wewe wako ni kama soda?"

"Hata wako?"

"Kama soda kabisa."

Akinyi alikuwa ametuambia hayo mapema na mimi sikusikia. Ni rangi ya dawa tu. Tukacheka tumekaa kwa ngazi ya mlango, wagonjwa wawili wa soda. Za mtoto zilikuwa zinayeyuka ndani ya maji na zina harufu ya matunda, akawa ananiringia kwamba dawa yake ni ya watu wa maana.

Joto la jioni ndilo lililoondoka kwanza. Halafu jasho. Kikohozi changu kilikuwa cha mwisho kwenda, kilikuwa kama mgeni ambaye amesimama kuaga na bado anaongea. Baada ya wiki chache walipima makohozi yangu tena na hawakuona wadudu, Akinyi akasema sasa siambukizi, naweza kumkumbatia mtoto. Nilimkumbatia mpaka akasema nimvunje polepole.

Lakini mimi nilikuwa nangoja ule ubao wa ukutani. Mwezi wa kwanza alipimwa, kilo ishirini na mbili. Nilitaka kupiga kigelegele. Akinyi akaniambia, "Ngoja, tupime urefu pia." Nikajua amenifundisha, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimefungua mdomo kuuliza hivyo. Nukta ilikuwa imepanda, lakini kidogo, imeuvuka mstari kwa ukucha tu. Muthoni alisikitika. Mimi nikamwambia nukta ni kama mche wa kahawa, angalia unaelekea wapi.

Mwezi wa tatu mtoto akaanza kuuliza chakula kabla hakijaiva. Nikampikia njahi, yale maharagwe meusi, na mukimo wa viazi na mahindi, uji wa wimbi na maziwa ya Karembo, yule ng'ombe wetu. Parachichi alikuwa anakula akiwa juu ya mti. Na hapo nikataka kuharibu. Niliona anakula, nikaanza kumjaza. Nyaguthii alikuwa ananisifu, akisema mtoto wa jina langu lazima mashavu yake yaonekane kutoka barabarani. Mjukuu wake Mwangi ni mnene hivyo, anahema akifunga viatu, na sisi sote tulikuwa tunasema ana afya.

Akinyi akaona nukta inaruka, akaniambia, "Cucu, pole pole. Hii njia iko na ukingo wa chini, na iko na ukingo wa juu. Tulikuwa tumeangukia huku. Usitupeleke tuangukie kule." Akaniambia soda hapana, mkate mweupe kila asubuhi hapana, mtoto acheze, ashibe chakula cha nyumbani na tumwache. Nikamwambia Nyaguthii naye ampeleke Mwangi akapimwe. Alinuna wiki nzima. Halafu akampeleka. Siku hizi Mwangi anatembea kwenda shule na huyu wangu, na wakirudi wanashindana mteremko. Nyaguthii hajakubali kwamba nilisema kitu cha maana, lakini aliniletea nduma za kuchemsha.

Miezi sita ikaisha. Daktari Mutua akaangalia majibu yangu, akaangalia picha, akasema, "Mama, umepona. Nyote wawili." Ni maneno machache kabisa. Nilimwomba ayarudie, akayarudia.

Muthoni akasema lazima tusherehekee, tukaenda Nyeri mjini, sisi watatu, tukala samosa. Hapo karibu na soko kulikuwa na kijana mwenye mashine ya kupima watu, ile ndefu ya kusimama, inapima kilo na urefu na inasema kwa sauti. Muthoni akampandisha mtoto kwa furaha. Mashine ikalia, ikatangaza kwa sauti ya mwanamke wa redio, kwa Kiingereza. Kijana akatutafsiria mbele ya watu wote.

"Kilo ishirini na sita. Mita moja na sentimita thelathini. Namba yake ni kumi na tano na kidogo. Mama, inasema huyu yuko chini sana. Ni hatari. Anatakiwa kunenepa."

Muthoni alinishika mkono mpaka ukauma. "Maitu, umerudi. Ugonjwa umerudi. Si walisema amepona?" Machozi yalikuwa yameshafika.

Mimi nikamgeukia yule kijana. "Mwanangu, mashine yako imemuuliza ana miaka mingapi?"

"Haiulizi, Shosho."

"Imemuuliza kama ni msichana ama mvulana?"

"Hapana. Inapima tu."

"Basi imempima kana kwamba ni mimi. Hiyo namba kwangu mimi ni ya kunipeleka hospitali. Kwa msichana wa miaka tisa na nusu iko ndani ya njia kabisa. Kilo imepima sawa, urefu imepima sawa, ila kwa mtoto haijui kusoma."

Watu waliokuwa wamesimama wakacheka. Mama mmoja aliyebeba kabichi akasogea na mtoto wake wa kiume, akaniambia, "Na huyu wangu, mashine ilisema hivyo hivyo wiki jana. Nimekuwa nikimlazimisha kula mpaka anatapika." Nikamweleza polepole. Nikamwambia aende kituo cha afya aombe apimwe kwa karatasi ya wavulana na umri wake, na kama mtoto anacheza, anakula, na kila mwaka anaongeza kilo na urefu pamoja, asilie kwa sababu ya mashine. Muthoni alikuwa ananisikiliza kama aliyenisikia mara ya kwanza. Kisha akafuta uso, akasema, "Sawa, maitu," na wote wawili tukaitika.

Kwa hivyo nawashukuru. Namshukuru Mungu aliyetuinua kwa vitanda viwili. Namshukuru Akinyi, ambaye angeweza kuandika kilo tu na kwenda kunywa chai. Namshukuru Daktari Mutua kwa kuanza na neno la kutibika. Muthoni aliacha kazi yake akachoma magunia yangu. Gichuki pia namshukuru, kwa sababu mzani wake ulisema kweli, ni mimi niliyekuwa sijui kusikiliza. Nimemwambia sasa aweke na kijiti cha kupimia urefu hapo kando, na nasikia anakitafuta.

Na nyinyi mnaosoma, kikohozi kikipita wiki mbili usikipe jina wewe mwenyewe, nenda wakipe jina wanaokijua. Fungua dirisha, baridi haijaua watu kama hewa iliyofungwa. Mtoto mpime kilo na urefu siku moja, na mwenye kupiga hesabu umwambie umri wake. Ukiambiwa namba moja, rudi tena baadaye uone inaelekea wapi. Akibaki kilo zile zile huku sketi inapanda, usingoje msimu mwingine. Na usimcheke mtoto mwembamba wala mnene, wala usimsifu kwa mashavu. Dawa ukipewa, imalize hata ukijisikia mzima.

Ningeandika zaidi lakini nimeitwa jikoni. Wangari mdogo amemaliza githeri yake, mahindi na maharagwe, na anataka kujua kama yangu nitaimaliza peke yangu ama nahitaji kusaidiwa.